Siku Tulipojifanya Wafu ili Baba Ale

Nilipokuwa nafundisha historia katika shule moja ya sekondari kule Uvira, kwetu Kongo, kipindi cha saa saba mchana ndicho kilichonitesa kuliko vyote. Jua kali, njaa, wanafunzi hamsini na kitu wanasinzia juu ya madaftari. Mtaala wetu ulikuwa umejaa Ulaya tupu: wafalme wa Ulaya, vita vya Ulaya, hata mito ya Ulaya. Basi nilikuwa na dawa yangu ya usingizi. Nilifunga kitabu cha masomo nikawasimulia wazimu wa Wazungu wa zamani, niliousoma katika kitabu kimoja kikuukuu cha Kifaransa.

Niliwasimulia mfalme wa Ufaransa aliyeamini kwamba mwili wake ni kioo, akashonewa vyuma ndani ya nguo asije akavunjika watu wakimgusa. Niliwasimulia bwana aliyedai hana kichwa, mpaka tabibu akamvika kofia nzito ya chuma, naye akaanza kulalamika kwamba kichwa kinamuuma. Na yule mwanamke aliyekaa na kidole kimekunjwa kwa sababu dunia yote imeegemea kidole hicho, akikinyoosha tumekwisha sote. Darasa lilicheka mpaka mkuu wa shule akaja kuchungulia dirishani. Mimi nilicheka kuliko wanafunzi wangu, na leo sioni sababu ya kuficha hilo.

Hadithi ya mwisho siku zote ilikuwa ya mtu aliyejiona amekufa. Aliacha kula, kwa kuwa maiti hali chakula. Ndugu zake walibembeleza, wakalia, wakashindwa. Ndipo tabibu akawavika watu wawili watatu sanda, akawaingiza chumbani kwake wakae mezani wale nyama. Mgonjwa akawauliza ninyi nani, wakasema sisi ni wafu. Akauliza, kumbe wafu wanakula? Wakamjibu, mbona unatuona. Akasogeza kiti akala nao. Kengele ililia hapo, wanafunzi wakatoka mbio.

Vita vilipotufikia tulikimbia usiku na mchana, na njiani tukaachana na baba. Watu wenye silaha walimchukua awabebee mizigo. Tulifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale na mama, mimi binti yake kifungua mimba, mdogo wangu wa kiume na mdogo wetu wa kike. Hatukuwa na kitu, ila mama alikuwa amebeba koti la baba, lile la kijivu la kwendea kanisani. Mwaka wa pili akafika mtu wa kijiji chetu, akaapa mbele ya mchungaji kwamba alimwona baba akipigwa risasi kando ya mto. Tukamlilia bila maiti. Baada ya siku arobaini tukatosha matanga, ndivyo tunavyosema sisi kuondoa matanga: tulinyoa nywele, tukapika, tukagawa nguo za marehemu. Nguo zilikuwa hilo koti moja tu. Alipewa mzee wa kanisa jirani yetu, naye akalipokea kwa mikono miwili.

Mama hakukaa sana baada ya hapo. Alianza kwa homa, akamaliza kwa kukataa kuamka. Tulimzika katika makaburi ya kambi, mwendo wa nusu saa kutoka kwetu.

Miezi minane baadaye, baba akashuka kwenye taksi pale Rwekubo, karibu na kambi.

Alikuwa hai. Amekonda, ana kovu sikioni, lakini hai. Na mtu wa kwanza aliyemkuta njiani kuingia kambini alikuwa yule mzee wa kanisa, amevaa koti la kijivu. Hawakujuana. Baba alilitambua koti lake kwa kiraka cha kiwiko ambacho mama alikishona mwenyewe. Akamsalimia, akamuuliza lile koti ni la nani.

“Ni ya marehemu moja,” mzee akasema, kwa Kiswahili cha kwetu ambacho watu ni “batu” na wafu ni “bafu”. “Batu bake balinigawia siku ya kutosha matanga.”

Baba alitusimulia haya jioni ile ile, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesimulia safari. Tulikuwa tunamshikashika mikono, tunalia, tunacheka. Hatukusikia alichokuwa anasema. Hasira niliyonayo juu ya jioni ile ni yangu mwenyewe, sina wa kumgawia.

Sasa, kwetu kuna desturi. Mtu akifika kutoka mbali na nyumbani kuna msiba, hapewi habari akiwa na njaa. Anawekewa maji aoge, anapikiwa, anakula, ananawa mikono. Akishakula ndipo mkubwa wa nyumba anakaa karibu naye na kumwambia. Kumpa mtu habari ya kifo tumbo tupu ni kumpiga akiwa amelala. Kwa hiyo baba alipouliza, “Mama yenu iko wapi?” mimi, mkubwa wa nyumba, nilijibu upesi.

“Alienda Ngarama, baba. Iko analima kule.”

Watu wengi wa kambi hukodi mashamba Ngarama, kwa hiyo uongo wangu ulikaa vizuri. Ulikuwa uongo wa saa moja, mpaka ale. Dada yetu mdogo alikuwa tayari ameweka sufuria motoni. Baba akachukua tonge moja la bugali, akaliangalia, akalirudisha sahanini. Akasema amechoka. Tukasema basi, kesho.

Kesho yake alikunywa maji. Siku ya tatu vile vile, na uji vijiko viwili. Mwisho wa juma la pili akageukia ukuta, akatuambia kwa upole kabisa.

“Musijisumbue, batoto. Mimi nilikufa. Ninyi wenyewe mulitosha matanga. Chakula mupatie bazima.”

“Baba, si unaongea?” nikamwambia. “Si unatuona?”

“Bafu banaongeaka. Ni bazima njo habasikiake.”

Aliposikia kwamba wazima ndio wasiosikia, mdogo wangu wa kiume alitoka nje akapiga teke ndoo. Mimi nilibaki nimesimama pale, na jambo la kwanza lililonijia kichwani, Mungu anisamehe, lilikuwa kicheko cha darasa langu.

Tulimpeleka hospitali mjini Mbarara. Daktari alimpima kwa makini, akasema huu ni ugonjwa unaojulikana, huwapata watu waliopita katika mambo mazito. Akatoa vidonge, akasema vikitumiwa vitasaidia lakini pole pole, na kama bado hali chakula basi arudishwe Jumatatu alazwe awekewe maji ya mshipa. Baba akamshukuru daktari, akakunja vidonge ndani ya karatasi, akampa mgonjwa mwingine aliyekuwa kwenye benchi. Akamwambia, chukua, wewe ungali na kazi ya kuishi.

Mimi kazi yangu siku hizi ni kuuza vitenge Mbarara. Wateja wangu wengi ni wake za askari wa kambi ya jeshi ya Makenke, na mmoja wao amekuwa rafiki yangu. Huja hata kama hanunui. Ijumaa ile alinikuta nimekaa juu ya robota la vitambaa, macho yamevimba.

“Banange, nyabo,” akaniambia, yaani jamani, bibi, “leo unauza ama unalia tu?”

Nikamweleza yote. Nikamweleza na kile nilichokuwa nimekwisha kukiamua, hadithi ya Mzungu na watu wa sanda. Alisikiliza ameshika kiuno.

“Na kesho yake?” akaniuliza. “Huyo Mzungu akisha kula, kesho yake alisema nini?”

“Kitabu hakikusema.”

“Sasa wewe unapika kitu na hujui itatoka aje.” Akakaa karibu yangu. “Bwana yangu alirudi kwa operesheni ya jeshi, akasema mimi si mimi. Ati ni mtu ingine amevaa uso yangu. Mwaka muzima! Mimi sikumudanganya. Nilikaa hapo tu, nikamupikia, nikangoja.”

“Bwana yako alikuwa anakula,” nikamwambia. Nilisema kwa ukali. Nilikata mita kumi na mbili za kitambaa cheupe kutoka mzigo wangu mwenyewe. Alinisaidia kukunja.

Ningengoja Jumatatu. Daktari alisema Jumatatu. Lakini mbavu za baba zilikuwa zinahesabika hata juu ya shati, na mimi ni mtu wa kushindwa kukaa bure. Nilipata dagaa wa ziwa letu, Tanganyika, kwa Mkongomani mmoja sokoni, nikarudi nao kambini.

Jumamosi mchana dada yetu akapika sombe, majani ya muhogo, kwa dagaa na bugali. Ile harufu peke yake ingemwamsha mtu. Nyuma ya nyumba tukajifunga shuka nyeupe toka kichwani hadi miguuni, tukajipaka unga usoni, tukajitia pamba puani kama wanavyotiwa wafu wetu. Mdogo wangu wa kiume alikuwa anaivuta shuka yake kwa hasira.

“Yaya,” akaniambia, kwani ndivyo wadogo zangu wanavyoniita mimi dada yao mkubwa, “hii si michezo ya kucheza.”

“Kama uko na akili ingine, uilete,” nikamjibu.

Hakuwa nayo. Tukaingia.

Tulikaa juu ya mkeka bila neno, tukaweka sinia katikati, tukaanza kula. Kula na pamba puani ni taabu: unatafuna, unakosa hewa, unafungua mdomo, sombe inamwagika. Baba alikuwa ameelekea ukutani. Polepole akageuka. Alituangalia mmoja mmoja, muda mrefu.

“Ninyi ni ba nani?”

“Ni sisi, baba. Batoto bako.”

“Munafanya nini huku?”

Hapo wadogo zangu wakaniangalia. “Tulikufa, baba,” nikasema.

Alifunga macho. Nilidhani amezimia. Alipoyafungua alikuwa analia bila sauti, machozi yanaingia ndani ya ndevu. “Bafu banakulaka?” akauliza.

“Banakulaka, baba. Ona.”

Akajivuta kwa viwiko mpaka kwenye mkeka. Akamega tonge, akalichovya, akala. Akamega la pili. Kisha akala kama mtu aliyetoka shambani, anakunja tonge, anachagua dagaa, analamba kidole. Dada yetu alilia mpaka pamba ikamtoka. Mimi nilijaa furaha ya kijinga, nikawa najipongeza moyoni: mwalimu, umeshinda. Alipomaliza, aliomba maji, akanawa mikono.

Wadogo zangu wakaniangalia tena. Amekula, amenawa. Zamu yangu ya kusema habari ya mama ilikuwa imefika. Nilisogea karibu yake, nikatoa pamba puani.

Baba alikuwa wa kwanza kusema. Alikuwa anatuhesabu kwa kidole. “Moja. Mbili. Tatu. Na mimi ine.” Akatazama mlangoni, akatazama pembe za nyumba. “Mama yenu haiko.”

Mdogo wangu wa kiume aliinamia sinia.

“Basi yeye alipona,” baba akasema. Uso wake ukafunguka, sijawahi kuona uso ukifunguka vile. “Iko Ngarama, analima. Moja wetu alipona! Mungu asifiwe.” Akanyanyua mikono yake miwili yenye mifupa mitupu, akashukuru kwa maombi marefu, akitaja mvua, jembe, na magoti ya mama yaliyokuwa yanamuuma. Alipomaliza, tulisema amina. Nilisema nami.

Tangu siku hiyo alikula. Dawa nyingine tuliyopewa hospitali alimeza pia, maana nilimwambia wafu nao wanameza. Jumatatu daktari alifurahi, hakuhitaji kumlaza. Nilimweleza tulichofanya, akasema tumuache ale, mengine yatakuja taratibu. Mashavu yakaanza kurudi. Jirani zetu tuliwaomba wasimtajie mama, nao waliheshimu, ila walikuwa wakinikwepa macho.

Bei ya chakula hicho tulilipa sisi. Baba alituuliza kila mmoja alikufaje. Dada yetu akasema hakumbuki. Mdogo wangu wa kiume alitoka, na kwa juma zima akawa analala kwa rafiki. Mimi nikamwambia nilikufa kwa homa, kitandani, sikuumia. Akanishika kichwa. “Pole, mwanangu,” akasema, “na mimi sikukuwa pale.” Alitulilia. Mchana alikula na jioni alitulilia, watoto wake watatu, na sisi tumekaa mbele yake tunavuta pumzi.

Kilichomfariji kilikuwa kimoja tu, mama. Kila nikienda Mbarara, alidhani napita Ngarama, kwani aliamini wafu huwatokea wazima ndotoni.

“Umuambie asilie mingi. Umuambie batoto biko na miye.”

Nami nilirudi na majibu. Mama anakusalimia. Maharagwe yake yameota. Goti linamsumbua lakini si sana. Mimi niliyekuwa napiga mistari myekundu kwenye visingizio vya wanafunzi, niligeuka fundi wa kutunga salamu za marehemu. Nilitunga hata mzaha wake, namna alivyokuwa akimwita baba “muzee wa kuchelewa”. Baba alicheka hadi akapaliwa. Nilimkosa mama kuliko siku niliyomzika, kwa kuwa sasa ilinibidi kila juma nimtafute kichwani, nimsikilize sauti, nichague neno lake, halafu nimwache tena.

Mke wa askari aliniuliza mara moja tu. “Anakula?” Nikasema anakula. “Na wewe?” Nikashika kukunja vitambaa. Akanunua kitenge ambacho najua hakukihitaji.

Ilipita miezi sita. Asubuhi moja baba aliomba wembe anyoe ndevu. Akajikata kidevuni. Nilisikia ananiita, nikakimbia nikidhani ni balaa, nikamkuta ameshika kioo kidogo, anaangalia damu inavyoshuka shingoni.

“Ona,” akasema. “Inatoka. Iko na moto.” Akaigusa, akanusa kidole chake. “Mimi niko muzima.”

“Ndiyo, baba.”

“Na ninyi?”

“Sisi pia.”

Alifikiri. “Mulinidanganya.”

“Tulitaka ukule.”

Niliogopa atakasirika. Akaniangalia tu, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikaona kwamba anacheka. Aliwaita wadogo zangu, akawapapasa mikono na masikio, akawauliza kama kweli kweli. Mdogo wangu wa kiume alimkumbatia, hakutaka kumwachia. Nyumba ile haikuwahi kuwa na furaha kama ile. Wenzangu walikuwa wamesahau habari ya Ngarama, naona. Mimi sikusahau. Nilimwangalia baba akifuta damu, nikiwa nimepata nilichokiomba kwa Mungu usiku na mchana, na moyoni nilikuwa naomba baba arudi ukutani kidogo, siku moja tu nyingine.

“Basi leo tuende Ngarama,” baba akasema. “Nitaenda mimi mwenyewe kumutosha ule uchungu. Iko analia batu bazima, masikini.”

Alivaa shati safi. Alimwomba dada yetu chumvi na sabuni vya kumpelekea mama. Dada yetu alivifunga ndani ya kitambaa. Nikasema nitakwenda naye mimi peke yangu.

Alitembea mbele, haraka, akisalimia watu asiowajua. Alikuwa anapanga maneno ya kuanza nayo, anayajaribu kwa sauti, anayabadilisha. Tulipofika njia panda, nikashika ile inayopanda kilimani kuelekea makaburini. Akasimama.

“Ngarama si iko ule upande?”

Nikamwambia. Sikuzunguka. Nilisema mama alikufa, tulimzika sisi watatu na mchungaji, kaburi liko pale juu. Nilisema salamu zote zilikuwa za kwangu. Nilipiga magoti kwenye vumbi, nikamwomba msamaha.

Hakupiga kelele. Aliweka kile kifurushi chini, taratibu, chumvi isimwagike.

“Ilikuwa wakati gani?”

“Kabla ufike, baba. Miezi minane mbele ufike.”

Midomo yake ilikuwa inahesabu. Ng'ombe wa watu walipita kando yetu na mchunga wao, akatusalimia. Nilingoja anipige. Ningeshukuru.

“Miezi yote ile nilikuwa kule kwa bafu,” baba akasema, “na yeye alikuwa kule. Ninyi munaniambia iko Ngarama.” Alinitazama bila hasira hata kidogo, na mpaka leo ningependelea hasira. “Sikumutafuta, mwanangu. Tulikuwa naye kule kule, fasi moja, na sikumutafuta.”